Mikono Inapouma kwa Sababu ya Kinanda Kizito

Kwa miaka mingi nilipiga kinanda chepesi cha springi katika kanisa letu mjini Jinja, hadi tulipopata kingine cha vibonye 88 vyenye nyundo ndani, vizito kama vya piano. Katika mkesha wa kwanza, mkono wangu wa kushoto, ambao ndio unaobeba besi, ulikakamaa kuanzia kigasha hadi kidole gumba hata kabla ya saa nane za usiku.

Nilidhani vidole vimekosa nguvu, nikavifanyisha mazoezi makali, na maumivu yakazidi. Kumbe tatizo lilikuwa masikioni: spika zote zilielekea waumini, ngoma zilikuwa nyuma yangu, nami kwa kutosikia ninachopiga nikawa nabonyeza kwa hasira. Siku hizi humwomba fundi wa mitambo anigeuzie spika moja ndogo, kisha kwenye mpangilio wa mguso huchagua ule laini, ili pigo dogo litoe sauti kubwa. Uzito wa vibonye haubadiliki kwa hilo, ila sababu ya kuvipiga kwa nguvu huondoka. Kinanda hupima kasi ya kibonye kinaposhuka, kwa kipimo kinachoishia 127. Ukishafika hapo, nguvu ya ziada haiongezi chochote, na kuendelea kukandamiza noti iliyokwisha kulia ni kuchosha kano bure, isipokuwa kwa vinanda vinavyoitikia mkandamizo huo.

Kibonye ni wenzo, kwa hiyo ukikipiga karibu na ukingo wake ni chepesi kuliko ukikipiga ndani, kati ya vibonye vyeusi. Stendi nayo ishushwe mpaka kigasha kilale sawa, na kifundo cha mkono kisipinde. Oktavi za besi, yaani noti ileile ya juu na ya chini zikipigwa pamoja kwa mkono uliotanuka, mpiga gitaa la besi akiwapo, mwachie mwenyewe, ingawa wapiga kinanda, nami nikiwamo, tuna uchoyo wa besi.

Ganzi ikianza kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, acha kupiga umwone daktari, kwa kuwa huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Mimi sikufika huko, lakini nilipumzika Jumapili tatu, na binti mmoja wa kwaya akashika nafasi yangu. Alipiga nyimbo zilezile kwenye kinanda kilekile bila hata kukunja uso.