Maswali na Majibu: Vita vya Waliokwisha Kutawaliwa

Barua nyingi safari hii zinauliza habari za Wagiriama wa pwani ya Kenya na vita vyao na Waingereza vya 1914.

Upinde kwa bunduki, walikuwa na tumaini gani? (Msomaji, Gongoni)

La kumfukuza Mwingereza, dogo. La kumzuia asitawale, kubwa mno. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipita vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, watu wakamfuata hadi Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi. Tangu hapo Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza, hakupata kodi wala vibarua aliowataka. Mshale ulikuwa bado haujatoka podoni.

Kwa nini Kaya ililipuliwa? (Kijana wa Shela, Malindi)

Serikali ilidhani ikiivunja Kaya imewavunja watu. Tarehe 4 Agosti 1914 ikatia baruti. Watu waliokuwa wakigoma tu, sasa wakashika pinde.

Mbona basi walishindwa upesi? (Mama Salama, Mambrui)

Mama, mpiganaji hali majani. Yuko anayesonga sima akampelekea mwituni usiku. Waingereza wakaiendea sima hiyo: wakachoma nyumba, wakaswaga mbuzi, wakatoza faini ya rupia 100,000, wakaamuru watu waondoke kaskazini ya mto Sabaki, kwenye mashamba yao bora. Ajuza asiyejua kupinda upinde alinyang'anywa mbuzi sawa na mpiganaji. Hilo linaniuma kuliko risasi.

Na kwetu Witu? (Msomaji, Lamu)

Waingereza waliuchoma mji Oktoba 1890. Sultani Fumo Bakari akaingia msituni, akafa mapema 1891. Fumo Omari akaendelea, hata Waingereza wakalazimika kurudi na jeshi 1893 kubomoa ngome za Pumwani na Jongeni. Msitu uliwasaidia, lakini naona kilichowashika zaidi ni kwamba wengi wao walikuwa watoro wa utumwa. Mtoro angesalimu amri arudi kwa nani?

Kwa hiyo walikufa bure? (Mwalimu, Marafa)

Hapana, mwalimu, na sitachoka kulisema. Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walihamishiwa Kisii, wakatoroka Januari 1914, wakarudi kwa miguu hadi pwani. Amri ya kuhama nayo haikudumu. Baada ya miaka michache serikali iliwaacha watu warudi ng'ambo ya mto. Ukivuka daraja la Sabaki leo kuja kwenu, wanaopalilia mahindi kule ni wajukuu wao.