Ada ya klabu ya karavani: je, itawarudia?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, Uingereza, na watoto wetu wanne, mkubwa ana miaka 15. Mwezi uliopita tumenunua karavani (ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari) iliyotumika, ya mwaka 2012, yenye vitanda vinne. Aliyetuuzia alisisitiza tujiunge na klabu ya karavani. Alisema bila uanachama haturuhusiwi kuivuta barabarani, na bima imo ndani ya ada. Nikaangalia, nikaona klabu kubwa ni mbili, moja ada yake ni pauni sitini na kitu kwa mwaka, nyingine kama hamsini. Mume wangu anafanya kazi ya zamu katika nyumba ya wazee, kwa hiyo wikiendi zetu hazina uhakika. Tunatarajia kwenda wiki moja mwezi wa Agosti, na labda wikiendi tatu nyingine. Je, ada hii ina faida kwetu, au tunatupa pesa? Na tukijiunga, tujiunge na ipi?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na hongereni kwa karavani. Kabla ya hesabu, niwaondolee hofu mliyotiwa. Hakuna sheria Uingereza inayomtaka mtu awe mwanachama wa klabu yoyote ndipo avute karavani. Kinachotakiwa ni leseni, na hapo mambo yamekuwa mepesi: tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari ya Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Angalizo ni kwa wale wenzetu ambao bado wanaendesha kwa leseni ya Kenya au Tanzania. Ukishakuwa mkazi hapa, leseni hiyo inakufaa kwa miezi 12 tu, kisha ni lazima ufanye mtihani wa hapa.

Bima nayo haimo ndani ya ada. Klabu zote mbili huuza bima ya karavani, lakini hiyo ni malipo mengine kabisa, na mnaweza kuilinganisha na za kampuni nyingine. Madhara ambayo karavani inaweza kumsababishia mtu mwingine ikiwa imefungwa kwenye gari kwa kawaida huwa yanabebwa na bima ya gari. Pigeni simu kwa kampuni yenu muulize, tena waambieni wawaandikie jibu. Ila karavani ikiibiwa, ikipinduka au ikiungua, bima ya gari haiwalipi kitu. Kwa hiyo bima ya karavani yenyewe nawashauri muwe nayo hata kama sheria haiwalazimishi.

Sasa tuje kwenye ada. Klabu mlizoziona bila shaka ni Caravan and Motorhome Club, iliyoanzishwa mwaka 1907, na Camping and Caravanning Club, ambayo ilianza mwaka 1901 kama chama cha watu waliosafiri kwa baiskeli na kulala kwenye mahema. Watu wengi huzipima kwa punguzo la bei, jarida la klabu na kuponi za dukani. Mimi naona hapo ndipo wanapokosea. Kitu kikubwa mnachonunua kwa ada ile ni ruhusa ya kulala mahali ambapo asiye mwanachama haruhusiwi kulala, hata akiwa na pesa mkononi.

Mambo yako hivi. Kwa sheria ya maeneo ya karavani ya mwaka 1960, mwenye ardhi hawezi tu kufungua shamba lake na kuanza kuwatoza watu wa karavani. Anatakiwa apate kibali cha ujenzi na leseni ya halmashauri, na hayo ni gharama na usumbufu mkubwa kwa mkulima wa ng'ombe. Lakini sheria hiyo hiyo ina msamaha: jumuiya za burudani zilizotambuliwa rasmi zinaweza kutoa cheti kwa shamba dogo, kwa masharti mawili. Karavani zisizidi tano kwa wakati mmoja, na wanaolala wawe wanachama wa jumuiya iliyotoa cheti. Ndiyo sababu utamsikia mkulima akikuuliza namba ya uanachama kabla hata ya kukuuliza jina. Akikupokea bila uanachama anakuwa ametoka nje ya msamaha, na halmashauri inaweza kumfuata.

Maeneo haya ya karavani tano, Caravan and Motorhome Club huyaita kwa herufi CL na ina zaidi ya 2,000. Camping and Caravanning Club huyaita CS na ina zaidi ya 1,000. Yametapakaa kila mahali: nyuma ya baa ya kijijini, pembeni ya bustani ya matofaa, juu ya mwamba unaotazama bahari. Mimi ni fundi wa kuzunguka, huwafuata watu mahali walipoegesha, kwa hiyo nimeingia kwenye mashamba mengi ya namna hii. Utulivu wake ni wa kweli. Familia nne au tano tu, majani yamekatwa vizuri, na usiku unasikia kondoo.

Lakini sitaki mwende mkashangae. Mengi hayana choo wala bafu. Kinachotakiwa kuwepo ni bomba la maji safi, mahali pa kumwaga choo cha karavani, na pa kutupa taka. Umeme sehemu nyingi upo, sehemu nyingine haupo. Mtatumia choo chenu wenyewe, na kaseti, yaani tangi dogo la choo hicho, mtaimwaga wenyewe. Maji mtayavuta kwa pipa la kubiringisha, ambalo la kawaida ni la lita 40. Kwa watu sita wanaopika, wanaooga na kutawadha mara tano, lita 40 hazifiki mchana. Nunueni mapipa mawili, na hao vijana wakubwa wapeni zamu ya kwenda bombani. Na moto wa nyama choma usiweke juu ya majani. Wenye mashamba wanataka jiko lililoinuliwa, na ukiunguza majani yao hawasahau.

Hesabu sasa. Ninyi mna wiki moja ya Agosti na wikiendi tatu, yaani usiku 7 na usiku 6, jumla 13. Tuseme kambi ya biashara yenye bwawa la kuogelea inatoza pauni 45 kwa usiku mwezi wa Agosti, na shamba la karavani tano lenye umeme linatoza pauni 20. Hizi ni bei za mfano, ninyi wekeni zile mtakazotajiwa. Kwa wiki ile moja tu, kambi ni pauni 315 na shamba ni 140. Tofauti ni pauni 175. Toa ada, hata ile kubwa, bado mmebaki na zaidi ya pauni 100 kabla hamjagusa wikiendi hata moja.

Mkienda kwenye maeneo makubwa ya klabu yenyewe, yale yenye mabafu na msimamizi, hesabu ni nyingine. Huko wageni wanakaribishwa katika maeneo mengi, ila wanalipa zaidi ya mwanachama kwa kila usiku. Chukueni ada ya mwaka, igawanyeni kwa ile nyongeza ya usiku mmoja. Nyongeza ikiwa pauni 12 na ada ni 60, usiku wa tano ndio unaorudisha ada, na kuanzia wa sita mnakula faida. Mnaolala usiku mara tatu kwa mwaka, lipeni kama wageni na msijisumbue na uanachama.

Kwa hiyo swali la kujiuliza nyumbani ni moja: je, huo usiku 13 ni wa kweli? Mume wako anafanya zamu, na najua zamu za nyumba za wazee zinavyobadilishwa Alhamisi jioni. Nina wateja wengi kutoka kwetu wenye kazi za namna hiyo, na karavani zao nazikuta mwezi wa Septemba bado zimefunikwa turubai kama nilivyoziacha mwezi wa Aprili. Kama likizo ya Agosti imeshaandikwa kazini, ada imelipa. Kama bado mnaombea, subirini iandikwe kwanza. Halafu wekeni nafasi siku hiyo hiyo, kwa sababu shamba lenye nafasi tano linajaa mapema kwa msimu wa shule kufungwa. Wenye mashamba wengi bado wanataka kupigiwa simu. Pigeni saa za jioni, baada ya ng'ombe kukamuliwa.

Kuna faida nyingine ambayo naithamini kwa sababu iliwahi kunikuta. Mwaka 2016 niko njiani kurudi kutoka Cornwall, kule mwisho wa kusini-magharibi mwa Uingereza, na familia, karavani nyuma, klachi ya gari ikaungua karibu na mji wa Taunton. Nilikuwa na huduma ya kawaida ya kusaidiwa njiani, niliyoinunua kwa bei rahisi. Lori likaja, dereva akatoa utepe akapima karavani, akaniambia imezidi urefu ulioandikwa kwenye mkataba wangu. Gari wangelibeba, karavani isingebebwa. Tulilala kando ya barabara, watoto ndani, malori yakipita usiku kucha, mpaka asubuhi nilipolipa lori la pili kutoka mfukoni. Tangu hapo kila mteja mpya namwambia asome sharti la urefu na uzito wa tela kabla ya kulipia. Klabu zote mbili huwauzia wanachama huduma iliyopangwa kwa watu wa karavani. Moja inaitwa Mayday, nyingine Arrival. Nayo ni malipo ya ziada, haimo ndani ya ada, lakini kama huduma mliyonayo haibebi karavani, hesabuni hilo upande wa faida.

Mengine nayapitia haraka. Ushauri wa kiufundi kwa simu ni mzuri kwa mtu anayeanza. Klabu pia huandaa mafunzo ya kuvuta na kurudi nyuma, na hayo nayapendekeza sana kwa mume wako, maana kurudi nyuma na karavani kunafundishika ndani ya siku moja, ila kujifundisha peke yako kwenye mlango wa shamba watu wanakutazama ni shida. Punguzo la meli za kwenda Ufaransa na kambi za Ulaya msiliweke kwenye hesabu kama pasipoti zenu ni za Tanzania au Kenya. Viza ya Schengen kwa watu sita itameza punguzo lote.

Ipi basi? Msijiunge na zote mbili mwaka wa kwanza. Kwa familia yenu nachagua Camping and Caravanning Club, na sababu ni vitanda. Mko sita, karavani ina vinne. Maeneo ya CS yanaruhusiwa kupokea mahema pamoja na karavani, mpaka mahema kumi pale nafasi inapotosha, wakati CL za wenzao kimsingi ni za karavani na magari ya kulala. Watoto wawili wakubwa wawekeeni hema pembeni, nao watafurahi kuwa mbali na wadogo. Ila mwulizeni mwenye shamba kabla ya kulipa, maana kila shamba lina nafasi yake. Na msiwabane watu sita kwenye karavani ya wanne, hata kwa usiku mmoja. Bima inaweza kukataa kulipa, na hewa ndani ya kile kisanduku haitoshi.

Mngekuwa wawili tu, watoto wameshaondoka, mnataka mabafu safi na kuzunguka nchi nzima, ningewaambia Caravan and Motorhome Club. Ramani nayo ina neno: fungua orodha ya kila klabu uone nani ana mashamba mengi mwendo wa saa mbili kutoka Leicester, kwa sababu wikiendi ya mtu wa zamu haifiki Cornwall.

Jiungeni siku mtakapokuwa tayari kuweka nafasi ya kwanza, si kabla. Ukilipa Oktoba, nusu mwaka wa ada utapita karavani iko chini ya turubai. Na mkilipa kwa makato ya benki, andikeni tarehe kwenye kalenda, maana mwaka ukiisha pesa hukatwa tena zenyewe.

Umetaja pia karavani ni ya 2012, na hili hukuliuliza lakini siwezi kuliacha. Tafuteni kibati kilicho karibu na mlango, kina uzito wa juu wa karavani ikiwa imepakiwa. Linganisheni na uzito wa gari tupu. Kwa anayeanza, karavani isizidi asilimia 85 ya gari. Gari la kilo 1,500 linataka karavani isiyozidi kilo 1,275. Mkipita hapo kidogo sheria inaweza kuwaruhusu, lakini upepo wa barabara kuu hauwahurumii wageni wa usukani.

Halafu pigeni magoti mtazame matairi. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama, ukiliona lina meno mazima unadhani ni jipya. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 3217, limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2017. Likifika miaka mitano nashauri kulibadilisha, na likipita saba lisivutwe hata kwenda kituo cha mafuta. Kama mwezi huu mna pauni 60 tu za kutumia kwenye karavani hii na matairi ni ya zamani, pesa hiyo iende kwenye tairi, klabu isubiri.