Viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja): kunyimwa, na hesabu ya siku 90

SWALI: Niliomba viza ya Ujerumani nikamtembelee kaka yangu Hamburg kwa wiki tatu. Benki nilionyesha shilingi milioni saba, na kaka aliandika barua kwamba atanigharimia. Nimerudishiwa pasipoti na karatasi iliyotiwa alama kwenye kisanduku cha kutilia shaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Yuro 90 zimekwenda. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Ada hairudi, viza itoke isitoke. Kabla ya kuomba tena, isome taarifa yako ya benki kama atakavyoisoma mtu asiyekujua. Mkaguzi hatazami salio la mwisho tu. Anashuka mstari kwa mstari. Akiona akaunti imekaa miezi na laki mbili, laki na nusu, kisha wiki moja kabla ya miadi zinaingia milioni sita kwa mkupuo, atadhani umeazima. Huenda uliuza kiwanja, na pesa ni halali yako. Basi ambatanisha hati ya mauziano, maana yeye hana namna ya kujua.

Barua ya mwajiri itaje cheo, tarehe uliyoanza kazi, mshahara, siku za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Barua ikisema 1,200,000 huku benki ikiingia 870,000, weka na hati ya mshahara inayoonyesha makato. Tofauti ndogo namna hii, ikiachwa bila maelezo, inatosha kutia doa faili zima. Kama umejiajiri, weka leseni ya biashara na uthibitisho wa kulipa kodi.

Sasa barua ya kaka. Kwa Wajerumani hiyo ni mwaliko tu. Ahadi ya kugharimia wanayoitambua huitwa Verpflichtungserklärung: kaka aende ofisi ya wageni ya mji wake na uthibitisho wa kipato, alipe yuro 29, akutumie hati halisi. Lakini wengi hukosea hapa: mdhamini anajibu swali la pesa, hajibu swali la kurudi. Kisanduku chako ni cha kurudi. Kinajibiwa na kazi, watoto wanaosoma, shamba, mzazi unayemtunza, na viza ulizowahi kupewa ukarejea kwa wakati.

Pingamizi la kupeleka ubalozini halipo tena; Ujerumani iliufuta utaratibu huo duniani kote 1 Julai 2025. Kuna kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin, inayofunguliwa ndani ya mwezi mmoja, au kuomba upya. Kwa ziara ya wiki tatu, sisi tungeomba upya, lakini tu baada ya kupata karatasi mpya za kuonyesha. Wala usikimbilie ubalozi wa nchi nyingine ukidhani hawatajua: ombi lililonyimwa limo kwenye mfumo ambao nchi zote za Schengen zinausoma.

SWALI: Binti yangu yuko Uholanzi na nina viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Nilikaa kwake kuanzia 1 Machi hadi 29 Aprili 2026. Nikirudi 1 Julai napata siku 90 mpya?
Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, utapata 30. Siku 90 hazianzi upya kwa sababu umetoka. Kila siku unayokuwa kule, hesabu siku 180 kurudi nyuma, na hiyo yenyewe ikiwemo. Humo ndani zisizidi 90. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Machi ulitumia 31, Aprili 29, jumla 60. Ukiingia 1 Julai, unapaswa uwe umetoka 30 Julai.

Ukisubiri hadi 28 Agosti, mambo yanabadilika. Siku hiyo 1 Machi inadondoka nje ya zile 180, kesho yake 2 Machi, na kuendelea. Kila siku unayoongeza, moja ya zamani inatoka. Hivyo unaweza kukaa mfululizo mpaka 25 Novemba, ilimradi viza yenyewe bado hai na kibandiko chake kwenye pasipoti kinakuruhusu siku 90. Kiangalie vizuri: muda wa viza ni kitu kimoja, idadi ya siku za kukaa ni kingine. Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo hesabu inafanywa na kompyuta.

SWALI: Nakwenda Ufaransa siku nne, Italia siku sita, katikati niende London siku mbili. Niombe wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Italia, kwa kuwa ndiko unakokaa zaidi. Siku zingelingana, ungeomba kwa nchi unayoingia kwanza. London inataka viza ya Uingereza, na kurudi Ulaya bara kutoka huko ni kuingia Schengen mara ya pili; omba viza ya kuingia angalau mara mbili, la sivyo utakwama. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini uamuzi unaweza kufika siku 45, hivyo peleka miezi miwili mbele.