Maswali ya Wasomaji: New Jersey ya dirishani

SWALI: Nilitua Newark, New Jersey, nikielekea kwa dada yangu New York. Njia nzima ni matangi ya mafuta, maghala na makontena. Dada ananiambia New Jersey huitwa Jimbo la Bustani. Bustani ipi jamani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ulichokiona kipo, ila ni ukanda mmoja tu. Barabara kuu ya kulipia, Turnpike, inapita kando ya bandari, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Linden. Wageni wengi hulipima jimbo zima kwa kipande hicho, na si haki.

Msongamano upo kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 9,288,994, takriban 488 kwa kilomita ya mraba; hakuna jimbo la Marekani linalolizidi. Ila watu hawakutapakaa sawasawa. Guttenberg, juu ya mto Hudson, watu wapatao 12,000 wamebanana kwenye nusu kilomita ya mraba. Shuka kusini ukutane na Pine Barrens: mchanga mweupe, misonobari, maji ya vijito yenye rangi ya chai ya rangi. Udongo ule mchachu haukuwafaa wakulima wa nafaka, na tangu 1978 eneo hilo linalindwa kisheria, zaidi ya sehemu moja ya tano ya jimbo. Lakini bluberi, vile vitunda vya buluu, hupenda uchachu huohuo. Zao la kwanza la bluberi za kupandwa lilivunwa hapo, Whitesbog, mwaka 1916.

Wenyeji wana manung'uniko yao pia, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Jimbo dogo hivyo lina miji na vitongoji zaidi ya 560 vyenye serikali zao, vingi vikiwa na polisi na shule zake, na gharama hiyo inamwangukia mwenye nyumba.

SWALI: Nitakaa huko miezi mitatu. Mgeni hukosea wapi njiani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwanza, kukata kushoto. Kwenye barabara nyingi kubwa hukati kwenye taa. Unatoka kulia kabla ya makutano, kibarabara kinakuzungusha kama mkono wa jagi, kisha unavuka moja kwa moja. Anayeng'ang'ania njia ya kushoto hupitiliza, akageuze mbali.

Pili, sheli. Tangu 1949 sheria inakataza dereva kujijazia petroli. Kaa garini, fungua kioo, taja aina ya mafuta, kiasi, na kama unalipa taslimu au kwa kadi.

Tatu, treni, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuna Newark Penn Station na New York Penn Station; zikitangazwa harakaharaka, sikio huchanganya. Ukipandia kituo cha uwanja wa ndege kuelekea New York, Newark huja kwanza: usishuke. Kaa mpaka treni iingie kwenye handaki refu chini ya Hudson. Kituo kinachofuata ndicho chako.