Hedifoni za wazi kwa anayesikiliza kutwa katika joto la Mombasa

Waalaikum salaam dadangu.

Umeandika kwamba unanukuu sauti, yaani unasikiliza rekodi na kuandika yanayosemwa, saa saba hadi nane kwa siku, uko Kisauni, unavaa miwani, na hedifoni zako za kuziba zinakuchemsha masikio na kukuachia alama kwenye panja. Mtu amekushauri ujaribu zilizo wazi nyuma, nawe wataka kujua uchukue zipi. Kazi yangu ni hiyo hiyo, huu mwaka wa sita, na usiku nahamisha kanda za taarab za marehemu babu kuziingiza kwenye kompyuta. Masikio yangu hupumzika nikilala tu. Nitakujibu kwa urefu, kwani jambo hili limenila pesa na limeniumiza shingo, na sitaki likupate nawe.

Nianze na hewa yetu, maana ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Februari na Machi, kaskazi ikielekea kwisha, hapa joto hufika nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu, jasho halikauki. Hedifoni za kuziba hulifungia sikio ndani ya kikopo: nyuma ya spika pana ukuta, pembeni mto wa ngozi bandia usiopitisha kitu. Ukizivaa saa moja, ndani kunakuwa na mvuke. Zangu za kwanza za aina hiyo zilimaliza kaskazi moja tu. Ngozi ilibanduka vipande vyeusi vidogo vidogo, vikawa vinanishika shingoni na kwenye kofia, na sikio la kushoto likatoka vipele. Zahanati walinitazama, wakaniambia nisilifunike sikio lile mpaka lipone. Wiki nzima sikufanya kazi.

Za wazi nyuma yake pana wavu badala ya ukuta. Hewa inapita, na sauti inapita pamoja nayo, kutoka na kuingia. Wazo lenyewe la zamani: Sennheiser walitoa HD 414 mwaka 1968, zile zenye sponji ya manjano, nazo ndizo zinazohesabiwa kuwa za kwanza za wazi kuuzwa madukani. Kwa mnukuzi kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kikao cha watu wanne wakizungumza kwa pamoja hakijazani katikati ya kichwa. Ikiwa kimerekodiwa kwa maikrofoni mbili, unamsikia huyu yuko kushoto, yule yuko mbele kidogo, na kumtenganisha msemaji na msemaji kunakuwa rahisi. Besi hupungua, hilo lijue mapema. Kwa maneno ya watu haidhuru. Kwa ngoma nzito utaikosa.

Sasa, watu watakuuliza unapenda sauti ya namna gani. Mimi nakuambia, kwa saa nane, tanguliza uzito, mbano na mito. Sauti nzuri unayoivua baada ya saa moja haikusaidii kitu.

Kuhusu uzito nina kisa. Ami yangu alikuja likizo kutoka Uingereza akaniletea hedifoni za planari, zile ambazo badala ya koni ndogo zina utando mwembamba uliotandazwa mbele ya safu za sumaku. Sumaku hizo ndizo zinazoleta uzito, na zangu zilikuwa zaidi ya gramu 500. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Usiku wa kwanza niliweka kanda ya babu, nikasikia kucha ya mpigaji udi ikigusa uzi kabla uzi haujalia, na vibonye vya taishokoto, ile ala ya nyuzi ya taarab, vikigonga mbao chini ya sauti. Nilikuwa sijawahi kuvisikia vitu hivyo katika kanda ile niliyoizoea tangu utotoni. Nikaamua kuzifanyia kazi. Wiki ya kwanza niliinamisha kichwa bila kujua. Wiki ya tatu maumivu yalianzia kisogoni yakashuka mpaka begani, na nikawa siwezi kugeuka kutazama nyuma bila kugeuza mwili mzima. Nilipozivua kabisa, maumivu yalikwisha kwa siku kumi hivi. Planari nyepesi zipo, kwa mfano Hifiman HE400se ina kama gramu 390, lakini mimi kwa kazi ya kutwa sipiti 300. Sennheiser HD 600, iliyotoka 1997, ina gramu 260. HD 560S ina kama 240. Beyerdynamic DT 990 Pro iko kama 250. Hapo shingo inapumua.

Tena uangalie uzito unakaa wapi. Upinde mwembamba wenye sponji kidogo hubonyeza pale utosini, mahali pamoja, na kwa asiye na nywele nyingi kama mimi panauma kuliko masikio. Nimewahi kuvaa aina moja yenye vinundu chini ya upinde. Dakika 40 zilinitosha. Upinde wenye mkanda mpana unaoning'inia hugawa uzito vizuri zaidi. Audio-Technica kwenye ATH-AD700X wameweka mabawa mawili mahali pa upinde wa kawaida. Kuna vichwa vinavyoyapenda mno na vingine huyaona yanateleza, kwa hivyo hizo usinunue bila kuzivaa.

Na kwa vile hukusema kama unavaa shungi ukiwa kazini, nikuambie la dada yangu, naye ni mnukuzi. Alilalamika siku nyingi kwamba hedifoni zinamchoma juu ya sikio. Tulipotazama vizuri, ilikuwa pini na mshono wa kitambaa cha ndani. Amehamisha pini nyuma ya kichwa, ndani anavaa kitambaa kisicho na mshono pembeni, na yale maumivu hakuyasikia tena. Kwetu wanaume ni kofia: ukingo wake ulioshonwa mara mbili ukikaa chini ya mto wa hedifoni hukata kama uzi. Mimi naivua.

Mbano ndio adui wa mwenye miwani. Mto hukandamiza mkono wa miwani kwenye panja, na ile alama unayoiona ndiyo hiyo. Nyingi zikiwa mpya hubana sana, kisha hulegea baada ya wiki kadhaa. Ukitaka kuharakisha, zipandishe juu ya boksi au rundo la vitabu lenye upana unaozidi kichwa chako kidogo, zilale usiku mmoja, kisha ujaribu. Usizitanue zaidi ya hapo. Zikilegea mno zitateleza kila unapoinama kuandika, nawe utakuwa mtu wa kuzisukuma juu siku nzima. Mikono ya miwani nayo ina neno: ya chuma chembamba hupita chini ya mto laini bila tabu, ya plastiki nene hainyamazi. Nilibadilisha fremu kabla ya kubadilisha hedifoni, na nusu ya maumivu yaliondoka nayo.

Mito, chukua ya mahameli au kitambaa. Hapa sina mjadala. Mahameli hunywa jasho na kulipumua, na aina nzuri mto wake unatoka, unaufua kwa mkono kwa sabuni laini na kuuanika kivulini. Utazame pia kina chake. Masikio yangu yamesimama kidogo, mto ukiwa mwembamba ncha ya sikio hugusa kitambaa cha ndani, na mguso ule mdogo baada ya saa mbili hugeuka kidonda. Ukiwa unatia mafuta ya nazi nywelani, yatie usiku, asubuhi ujifute pembeni ya masikio. Mafuta yakiingia kwenye sponji hayatoki, na sponji huwa ngumu.

Dukani usikubali kuvaa dakika mbili ukasema zimekukaa. Dakika mbili zote ni tamu. Mimi nilimwomba mwenye duka mmoja karibu na Digo Road anipe kiti na nusu saa, nikamwekea simu yangu dhamana, nikachomeka hedifoni kwenye kompyuta yangu na kunukuu rekodi ya kweli. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaniagizia kahawa. Nenda na miwani yako, shungi yako, na rekodi mbovu kabisa uliyonayo. Maumivu ya kweli huanza kujitokeza baada ya dakika 20.

Umeme wake usikutie hofu, ila uujue. Omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme: HD 600 ni omu 300, DT 990 Pro inayouzwa sana ni 250. Ukizichomeka kwenye simu zitalia, lakini rekodi yenye sauti ndogo itakushinda mpaka upate ampu ndogo, yaani kikuza sauti. Za omu 32 kama Philips SHP9500 hulia vizuri kwenye kompyuta ya kawaida. Namba ya omu peke yake haitoshi, kwani hata wepesi wa hedifoni kugeuza umeme kuwa sauti hutofautiana: ile HE400se omu zake ni chache, lakini yataka nguvu. Kipimo changu ni hiki, fungua rekodi yako iliyo chini kuliko zote, na ukilazimika kupita robo tatu ya sauti ya kompyuta, hizo si zako bila ampu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningetamani mtu angeniambia kabla sijatoa hata shilingi. Hedifoni za wazi hazizuii kelele yoyote. Meza yangu ilikuwa dirishani, upande wa barabara. Honi za tuktuk, kunguru juu ya bati, watoto wakitoka chuoni, na feni juu ya kichwa, vyote vikaingia ndani ya rekodi. Nikafanya ambalo kila mtu hulifanya, nikapandisha sauti. Jioni masikio yakawa yanavuma. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80, kipimo cha ukali wa sauti, kwa saa 40 za wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo hukatika nusu. Kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 za wiki nzima. Wewe na mimi tunazimaliza saa hizo kabla ya adhuhuri ya Jumatatu.

Sikubadilisha hedifoni. Nilihamisha meza. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, zile za kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na chumba cha ndani kinachotazama kiwanja cha katikati kimetulia hata saa sita ya mchana. Feni nimeitoa juu nikaiweka sakafuni, mwendo wa chini, ikinipepea miguu. Rekodi ngumu nazifanya baada ya alfajiri, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, kabla mtaa haujaamka sawasawa. Sauti ya kompyuta imeshuka kwa zaidi ya robo na kazi inakwenda upesi kuliko zamani. Kwa hivyo kabla ya kununua, kaa kwenye meza yako ya Kisauni saa zako za kazi, nyamaza, usikilize. Kama ni barabarani na huna pa kuhamia, baki na za kuziba, ubadilishe mito yake uweke ya kitambaa, na uzivue kila baada ya dakika 50.

Na jambo la amana. Sauti inavyoingia ndivyo inavyotoka, aliye karibu nawe anasikia. Rekodi za mahakama, za madaktari na wagonjwa wao, za mahojiano ya watu waliodhulumiwa, tumepewa kwa siri. Nilikuwa siku moja nanukuu ya namna hiyo, na binamu yangu aliyekaa mkekani nyuma yangu akauliza, "Huyo mama alipata haki yake?" Niliganda. Tangu siku ile mlango naufunga, na kama nyumba ina wageni sifungui rekodi ya namna ile kwa hedifoni za wazi.

Utunzaji ni mdogo. Wavu huingiza vumbi na nywele, unywele mmoja ukigusa utando wa spika utasikia mtetemo mbaya kwenye sauti za chini. Ukimaliza kazi zifunike kwa leso safi. Plagi uifute, hewa ya chumvi huila shaba ikawa kijani.

Kwako wewe, kwa miwani na kompyuta bila ampu, ningeanza na HD 560S ukiwa na uwezo, au SHP9500 zilizotumika ukiwa huna. Mimi natumia HD 600 nilizonunua kwa mtu, mito nimeshaibadilisha mara mbili, na vipande vyake vyote vinauzwa kimoja kimoja, jambo ambalo kwa mtu wa mapato yetu lina uzito wake. Uzijaribu kabla hujaamua: dada yangu yupo nyumbani siku zote isipokuwa Ijumaa, njoo baada ya alasiri, nitumie ujumbe mapema nikutoe pale Ngome ya Yesu. Uje na miwani hiyo hiyo unayofanyia kazi.