Sauti hupotelea dirishani

Mmeuliza wiki hii: nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikikarabatiwa, ni kitu gani hupotea bila mtu kukiona? Ni sauti ya kichochoro, na mara nyingi hupotelea dirishani.

Michoro ya ukarabati hutaja chokaa, boriti na mlango wa nakshi. Haisemi kwamba dirisha lililo wazi humeza sauti yote inayoingia humo, kwa kuwa hakuna cha kuirudisha. Likizibwa kwa kioo ili kiyoyozi kifanye kazi, karibu sauti yote hurudi njiani, na pale njia ilipo na upana wa mita 2 tu, kuta mbili hurushiana. Kisha mashine ya kiyoyozi chenyewe huning'inizwa nje. Mashine mbili zenye kelele sawa zinazidi moja kwa desibeli 3, nne kwa 6. Mvumo wake haukatiki, na vikombe vya muuza kahawa vilivyokuwa vikisikika tangu kona ya pili sasa husikika akishafika mlangoni.

Basi rekodini kabla mafundi hawajafunga jukwaa. Vituo vitano au sita vinatosha: penye baraza, njia panda, karibu na msikiti, uani. Maikrofoni iwe mita 1.5 kutoka chini, katikati ya njia, imevishwa sponji dhidi ya upepo. Dakika 15 kila kituo: alfajiri, saa nne asubuhi, baada ya alasiri, baada ya isha. Kinasa kisijirekebishe chenyewe kiwango cha sauti. Kikiachiwa hupandisha ukimya na kushusha adhana, na hapo hakuna tena cha kulinganisha. Kila faili ianze na mlio wa kipimo wa desibeli 94, ili viwango vya kabla na baada vilinganishwe. Watu wa barazani waombwe ruhusa, maana maongezi yao si mali ya mradi.

Kazi ikiisha, pimeni tena msimu uleule, nje ya Ramadhani. Wastani wa sauti peke yake hudanganya: pikipiki moja huuvuta juu. Tazameni kiwango kinachopitwa kwa asilimia 90 ya muda, kwani hicho ndicho viyoyozi hukipandisha.

Na mkataba useme waziwazi: madirisha ya mbao yaendelee kufunguka, mashine ipande juu ya ukuta mnene, ikalie vipande vya mpira, isifungwe kwenye bati. Bati hugeuka ngoma.