Ukiufufua mchezo wa zamani, liache jahazi lichelewe

Mwaka 2006 tulikuwa vijana wanne, maskani yetu saiba moja karibu na Makadara, shilingi moja kwa dakika. Intaneti ya Mombasa wakati huo ilipitia setilaiti (nyaya za baharini zilifika 2009), kwa hivyo mchezo wetu ulikuwa wa maandishi matupu. Unaandika "sema", na walio karibu nawe wanakusoma. Tuliujenga juu ya CircleMUD, msimbo wa bure wa kujengea michezo ya maandishi, wa mwaka 1993, uliotokana na DikuMUD, mchezo wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Ulimwengu wake ulikuwa Mombasa ya 1696, Waomani wakiwa wameizingira Fort Jesus.

Mwaka jana niliutoa kabatini nikauwasha tena. Nawaandikia wenye mchezo kama huo kwenye diski fulani, na moyo wa kuufufua.

Kwanza kabisa, nakili diski nzima kabla hujagusa chochote. CircleMUD ya zamani haikuwahifadhi wachezaji kwa maandishi. Iliimwaga kumbukumbu ya kompyuta kama ilivyo ndani ya faili moja. Mashine yetu ilikuwa ya biti 32, seva niliyokodi ni ya biti 64, na kuna namba zinazochukua baiti nne kule na nane huku. Nilipofungua faili, mchezaji wa kwanza alikuja na jina na ngazi yake sawasawa, kisha tarehe yake ya kuzaliwa ikaharibika, na kila kilichofuata kikasogea. Wa pili hakuwa na jina, alikuwa na takataka. Nilihisi tumbo linanikata, maana mle mna watu. Dawa ni kuuunda msimbo kwa biti 32, uandike kijiprogramu cha kusoma mchezaji mmoja mmoja na kumtoa kwa maandishi ya kawaida, ndipo uhamie kwenye seva mpya. Nilitumia siku mbili, wakapona wote. Manenosiri ya zamani usiyahamishe. Usimbaji wa enzi zile ulitazama herufi nane za mwanzo tu, kwa hivyo kila mtu na aweke jipya.

Leseni nayo isome. Ile ya Diku inakataza kupata faida, na inataka majina ya waliouanzisha yaonekane mtu anapoingia. Mpwa wangu alinijia na wazo: "Mjomba, tuuze mapanga kwa M-Pesa, hata kumi kumi." Nikamwambia la. Kazi ya watu tumepewa bure kwa sharti, na sharti ni sharti.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Katika mchezo wetu kuna jahazi linalotoka Bandari ya Kale kwenda Pate. Huondoka kila baada ya dakika kumi. Ukilikosa, unakaa gatini ungoje. Wachezaji wapya, wengi wa rika la mpwa wangu, walinilalamikia: nani wa kungoja dakika kumi siku hizi? Nikawasikiza. Nikaweka amri ya kufika Pate papo hapo. Wiki mbili baadaye nilifungua kumbukumbu za seva nikakuta usiku mzima wenye wachezaji kumi na mmoja, na neno "sema" halikuandikwa hata mara moja. Kila mtu alikuwa anakwenda zake, anapigana, anatoka. Kumbe gati lilikuwa ndiyo baraza yetu. Pale ndipo mgeni alipouliza mishale inapatikana wapi, mtu akampa mishale mitano, wakavuka pamoja. Nililirudisha jahazi na dakika zake kumi zote, na juma lile lile watu wakaanza kusalimiana tena.

Lakini malalamiko hayakuwa ya bure. Nilipokaa na mpwa wangu nikimtazama anavyocheza, niliona simu yake inazima kioo dakika ya pili ya kungoja, mtandao unakatika, na akirudi jahazi limeshaondoka bila yeye. Kungoja ni kwa mchezo, kuachwa ni kwa simu. Kwa hivyo sasa aliyekatika hubaki katika foleni na hupandishwa pamoja na wenzake, akirudi yuko baharini. Jambo kama hili hulioni ukisoma maombi ya watu tu. Kaa ubavuni mwa mchezaji utazame vidole vyake.

Vidole hivyo vilinionyesha jingine. Wazungu huandika herufi moja kwa kila upande. Sisi kaskazini na kusini zote zinaanza na k, mashariki na magharibi zote zinaanza na ma. Kwenye kibodi ya saiba hatukujali, lakini kwa dole gumba ndani ya matatu ni mateso. Nikaweka vitufe vinne chini ya kioo, na mchezo unafunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu.

Waliofaulu kwa kiwango kikubwa walipita njia hii. Jagex, kampuni ya michezo ya Uingereza, walifungua Old School RuneScape mwezi Februari 2013 kutokana na nakala ya mchezo wao RuneScape ya Agosti 2007, na mabadiliko wakayapeleka kwa wachezaji wapige kura. Kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji asilimia 75 kupita. Oktoba 2018 ukaingia kwenye simu, mchezaji yule yule, ulimwengu ule ule. Laiti na mimi ningelipeleka jahazi lipigiwe kura.

La mwisho ni saa. Watu ishirini waliotawanyika siku nzima hawaonani, na mgeni anayekuta mji mtupu harudi. Sisi tumechagua Ijumaa saa tatu usiku, watu wameshaswali isha na kula. Mara ya kwanza tulikuja saba. Mimi huingia dakika kumi kabla, nasimama gatini, na kila anayeingia namsalimu kwa jina kabla jahazi halijang'oa nanga.